Mchoro wa Ng'ambo, faida ya nani?

*Wanawake wa Unguja ndio walioviamuru viwanda vya Marekani, Uholanzi na Bara Hindi vichape nini. Leo wabunifu wa mitaa ileile wanataka mchoro uwe wao, jina liwe lao na pato libaki nyumbani. Makala hii inaangalia kinachowakwamisha na njia iliyo wazi mbele yao.*

Na Mwandishi Wetu

Saa tatu asubuhi maduka ya kanga ya Darajani na Mchangani yameshachangamka. Muuzaji anateremsha jozi mpya kutoka kwenye rafu, anaikunjua juu ya kaunta, na kabla hajataja bei wanawake watatu wameshaishika.

Mmoja anavuta pindo kuona kama pembe zote nne zimekaa sawa. Wa pili anageuza upande wa nyuma kuangalia kama rangi imepenya. Wa tatu anasoma jina, anacheka, anamwonesha mwenzake, kisha anairudisha. Mji, yaani mchoro wa katikati, ameupenda, lakini jina, yale maneno yaliyochapwa, halimfai. Jirani yake atadhani anapigwa kijembe.

Kwa dakika chache kanga imepita kwenye mtihani mgumu, na wasahihishaji wake hawana cheti cha ubunifu. Wamekulia mitaa ya Ng'ambo kama Kwahani, Mwembetanga, Miembeni au Kikwajuni, na jicho hilo wamerithishwa na mama na bibi zao.

Sasa soma maandishi madogo ukingoni mwa kitambaa. Mara nyingi utakuta jina la kampuni au kiwanda cha Mombasa, Dar es Salaam, Bara Hindi au China. Jina la mchoraji halimo.

Hapo ndipo lilipo suala la wiki hii. Unguja ina wachoraji, mafundi cherehani, washonaji wa mkono na wanunuzi wenye jicho kali. Ina wageni wanaotafuta kitu cha kubeba na hoteli zinazohitaji mapazia, mito na vitambaa vya meza. Kilicho adimu ni chapa ya vitambaa inayomilikiwa na mtu wa hapa, yenye michoro yake yenyewe, inayouza nguo na mapambo ya nyumba mwaka hadi mwaka.

Soko lililoviamuru viwanda

Atakayesema kwamba Ng'ambo ni mgeni katika biashara ya vitambaa hajaisoma historia.

Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Unguja, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Baada ya hapo pamba iliyofumwa Massachusetts ilimiminika Unguja kwa jina la merikani. Kiwanda cha Naumkeag kilichoanzishwa mji wa Salem mwaka 1839 kililitegemea sana soko hili la Afrika Mashariki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba, nafasi ile ikachukuliwa na Waingereza na viwanda vya Bombay.

Mwanahistoria Jeremy Prestholdt ameonesha kwamba wanunuzi wa Afrika Mashariki hawakupokea chochote walicholetewa. Walichagua uzito, upana, rangi na mtindo. Shehena isiyowafurahisha ilidoda bandarini na mwenye mali akala hasara.

Kanga yenyewe ni zao la nguvu hiyo. Utafiti wa mwanahistoria wa sanaa MacKenzie Moon Ryan unaonesha kwamba kanga kama tuijuavyo ilipata sura yake kati ya 1876 na 1886. Wanawake wa Pwani walitaka kitu kipya. Wafanyabiashara wa Kihindi na Kijerumani wakapeleka habari. Viwanda vya Ulaya, vya Uholanzi vikiwemo, vikachapa.

Baada ya utumwa kupigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897, kanga ikabeba uzito mwingine. Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, anaeleza jinsi wanawake waliokuwa wakivishwa kaniki na merikani walivyoziweka kando na kuvaa kanga za rangi, kuonesha kwamba sasa ni watu huru wenye mtaa wao na heshima yao.

Mtaa huo ulikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari ulioitenga na Mji Mkongwe. Ndiyo Ng'ambo iliyogomea kodi ya viwanja mwaka 1928, mwaka uleule ambao Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyejijengea jina mjini, alisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Mitindo ya mavazi, nyimbo na majina ya kanga vilizungumza lugha moja.

> *Jicho lilikuwa la Ng'ambo. Karakana, hati na hesabu ya faida vilikuwa kwingine.*

Mkono wa bahari umeshafukiwa na juu yake inapita Barabara ya Benjamin Mkapa. Mgawanyo wa kazi, hata hivyo, haujabadilika sana. Jicho lilikuwa la Ng'ambo. Karakana, hati na hesabu ya faida vilikuwa kwingine: kwanza Salem na Uholanzi, baadaye Japani, kisha Bara Hindi, ambako mji wa Jetpur, Gujarat, umejijengea kazi kubwa ya kuchapa kanga za soko letu.

Somo la Mali ya Abdulla

Mfano wa karibu zaidi wa chapa iliyodumu uko Mombasa. Mwaka 1887 familia ya Kaderdina Hajee Essak ilianza biashara iliyokuja kujulikana Pwani nzima kwa jina la Mali ya Abdulla. Zaidi ya karne moja imepita na mwanamke wa Unguja bado anaijua kanga ile kwa kuigusa tu.

Mengi hayasemwi kuhusu biashara hiyo, lakini jambo moja liko wazi. Kanga zao zimechapwa katika viwanda tofauti, katika nchi tofauti, kwa nyakati tofauti. Viwanda vilibadilika, jina likabaki. Kampuni ilishika vitu vitatu: michoro, alama ukingoni mwa kitambaa, na uhusiano na wenye maduka walioijua ladha ya wateja wao.

Hilo ndilo somo kwa mbunifu wa leo. Anayeanza kwa kuwaza majengo na mitambo atachoka kabla ya kuuza hata foronya moja. Anayeanza na mchoro ambao watu wanautambua, na akaulinda, ana mali ambayo moto wa karakana hauwezi kuiunguza.

Tunao wengine waliopita njia hiyo kwa namna zao. Kikundi cha wanawake cha Sasik, mtaa wa Gizenga, tangu miaka ya 1990 kimekuwa kikishona foronya, matandiko na mapambo ya ukutani kwa kubandika kitambaa juu ya kitambaa, kikichota michoro kutoka milango na nakshi za Mji Mkongwe. Mbunifu Doreen Mashika alifungua duka lake Hurumzi akitia kanga na kitenge kwenye mikoba, viatu na nguo. Huko Dar es Salaam, Mustafa Hassanali alianzisha Swahili Fashion Week mwaka 2008, jukwaa lililowapa wabunifu wa ukanda huu mahali pa kuonekana.

Lakini angalia maduka ya hapa Unguja yalipo. Karibu yote yako upande wa mgeni, upande wa Mji Mkongwe wa Barabara ya Mkapa. Fundi anatoka Ng'ambo asubuhi, anavuka kwenda kushona, jioni anarudi na ujira wa siku.

Kanga ni kitu kimoja, kitambaa cha mita ni kingine

Kikwazo cha kwanza ni cha ufundi, na kinahitaji kuelezwa vizuri kwa sababu kimewaangusha wengi.

Kanga ni picha kamili. Ina pindo, ina mji, ina jina, na inaishia pale inapoishia. Ukiikata kushona mito sita, mto mmoja unapata nusu ya pindo, mwingine unapata herufi tatu za jina, wa tatu unapata weupe mtupu.

Kitambaa cha mita kinataka akili nyingine. Mchoro lazima ushikane na mwenzake bila mwisho: tawi lililokatika juu liendelee chini, korosho iliyogawika kulia ikamilike kushoto. Fundi akikata popote, kipande kiwe na sura. Mbunifu aliyelelewa na kanga analijua pindo tangu utoto. Kuunganisha marudio ya mchoro ni ujuzi wa kujifunza upya.

Kisha inakuja kuchapa. Kwa anayeanza, njia iliyo ndani ya uwezo ni ya fremu: wavu unawambwa kwenye mbao, sehemu zisizotakiwa kupitisha rangi zinazibwa kwa dawa inayogandishwa na mwanga, kisha rangi inasukumwa kwa ubapa wa mpira. Kila rangi ina fremu yake. Mchoro wa rangi nne unataka fremu nne, na kitambaa kinapitiwa mara nne bila kuhama hata unene wa uzi.

Ndiyo maana kazi nyingi nzuri za mwanzo huwa na rangi moja au mbili. Kanga ya kisutu imeishi vizazi kwa nyekundu, nyeusi na nyeupe tu.

Kazi haijaisha rangi inapokauka. Rangi ya kawaida ya kuchapia pamba hushika kwa joto la nyuzi 150 hivi kwa dakika kadhaa. Asiye na tanuri hutumia pasi, na kasoro nyingi huanzia hapo. Pale pasi ilipopita haraka, rangi itatoka kwenye beseni la mteja, na mteja huyo harudi.

Mafundi wa batiki wanayajua matatizo haya kwa upande wao. Wao huzuia rangi kwa nta, na huchovya kitambaa kwenye dawa zenye kostiki soda. Kazi yao ni ya mkono, hakuna vipande viwili vilivyo sawa. Mgeni hupenda hivyo. Hoteli inayotaka mapazia arobaini yanayofanana haiwezi kupenda.

> *Kata vipande vitatu: kimoja kifuliwe, kimoja kisuguliwe kwa kitambaa cheupe chenye maji, kimoja kianikwe dirishani mwezi mzima.*

Kwa hiyo kabla ya kuuza, jaribio ni la lazima na halina gharama kubwa. Kata vipande vitatu: kimoja kifuliwe, kimoja kisuguliwe kwa kitambaa cheupe chenye maji, kimoja kianikwe dirishani mwezi mzima. Jua la Unguja halimwonei haya mtu. Pamba mbichi nayo hurudi inapoguswa na maji mara ya kwanza, hivyo ifuliwe kabla ya kukatwa, ama sivyo foronya iliyoenea vizuri dukani itaubana mto nyumbani.

Hesabu ya mto na gauni

Kwa nini mbunifu wa mavazi aingie kwenye vitambaa vya nyumbani? Jibu liko kwenye meza ya kukatia.

Chukua kitambaa chenye upana wa sentimita 150. Gauni moja refu la mama wa kawaida linakula mita 3 hivi. Mita 3 hizohizo, kwa foronya za sentimita 45 kwa 45, zinatoa vipande 18. Ukiweka mchoro mbele na nyuma una foronya 9. Ukitia kitambaa kisicho na mchoro nyuma, una 18.

Gauni lina shida nyingine. Linataka saizi nne au tano, na saizi isiyouzika inabaki imelala dukani. Foronya haina saizi ya mtu. Pazia halihitaji kujaribiwa kwenye chumba cha kubadilishia. Kitambaa cha meza hakipitwi na mtindo kila sikukuu.

Mavazi, kwa upande wake, yanatembea. Mwanamke aliyevaa gauni lenye mchoro wako kwenye harusi ya Miembeni anautangaza mbele ya ukumbi mzima, na hakuna bango linaloweza kushindana naye. Mwenye busara hutumia vyote viwili: nguo zilitangaze jina, vitu vya nyumbani vilipe kodi ya karakana.

Tena jambo hili si geni kwetu. Kanga haijawahi kutenganisha vazi na nyumba. Leo ni vazi la kutokea, kesho ni pazia la mlango, baadaye ni mbeleko ya mtoto, na ikichakaa inaingia jikoni. Mwanamke wa Ng'ambo amekuwa akiendesha mavazi na mapambo ya nyumba kwa kitambaa kimoja kwa zaidi ya miaka 100.

Kiwanda kwanza au jina kwanza?

Hapa ndipo wadau wanapotofautiana, na kila upande una hoja.

Upande wa kwanza unasema bila kiwanda chetu tutabaki wachuuzi. Tanzania inalima pamba Shinyanga, Simiyu na Mwanza, kisha sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa robota na kurudi ikiwa nguo. Ajira za kusokota, kufuma na kupaka rangi zinakwenda kwingine. Wanaukumbuka Urafiki, kiwanda kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kilichovisha nchi nzima kanga na vitenge. Wanataja pia Mwatex ya Mwanza na Mutex ya Musoma.

Upande wa pili unataja viwanda hivyohivyo na kuuliza vimefikia wapi. Mitambo ilichakaa, umeme ukakatika, milango ya biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980 na 1990 bidhaa za nje na mitumba zikajaa sokoni. Kiwanda chenye mashine elfu na mchoro wa kuigiza hakiwezi kumshinda Mhindi wala Mchina kwa bei. Kinachoweza kushinda ni mchoro ambao wao hawana.

Kuna ukweli mwingine unaoubana upande huu wa pili. Kiwanda kikubwa hakipokei oda ya mita 50. Kuandaa mitambo kwa mchoro mmoja kunagharimu fedha nyingi mno hata mita chache zisilipe, na mwenye kiwanda anataka oda inayohesabiwa kwa maelfu ya mita. Mbunifu mdogo anajikuta katikati: fremu ya mkono haimtoshi tena, kiwanda hakimtaki bado.

Chumbuni, ndani ya mji huuhuu, kipo kiwanda cha nguo cha Basra Textile Mills. Kuwepo kwake ni nafasi ambayo visiwa hivi havikuwa nayo kwa muda mrefu. Swali la haki ni kama wabunifu wadogo wanaweza kuungana, kumi kwa pamoja, wakaleta oda moja inayotosha kuwasha mtambo. Hiyo ni kazi ya ushirika, na Wakala wa Maendeleo ya Viwanda Vidogo na vya Kati, SMIDA, upo kwa ajili ya kazi za namna hiyo.

Mgeni au jirani?

Mgogoro wa pili ni wa soko. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000. Mfanyabiashara yeyote angewaangalia wao kwanza.

Lakini soko la mgeni lina mitego. Ugonjwa wa korona mwaka 2020 ulionesha jinsi linavyoweza kufungwa kwa wiki moja. Halafu linavuta michoro kwenda mahali pamoja: mlango wa Mji Mkongwe, jahazi, mnazi, kinyonga. Maduka kumi yanauza kitu kimoja, na anayebaki ni mwenye bei ndogo kuliko wote.

Jirani wa Ng'ambo ana fedha kidogo zaidi lakini hanunui mara moja na kupanda ndege. Ananunua Idi mbili, harusi, arubaini, kumtoa mtoto nje, kuhamia nyumba mpya. Akiridhika, atarudi na dada zake na wifi zake. Tena yeye ndiye msahihishaji mkali. Kitambaa kilichopita mikononi mwake hakitaaibika London wala Muscat.

Mtego mwingine ni wa heshima. Jina la kanga ni maneno ya mtu kwa mtu. Kuna majina ya mapenzi ya ndani, ya dua, ya msiba. Kuyachapa kwenye zulia la kufutia miguu kwa sababu herufi zinapendeza ni kuwakosea walioyatunga. Mbunifu wa nje anaweza asijue. Wa Ng'ambo anajua, na ujuzi huo ni sehemu ya thamani ya kazi yake.

Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kulelewa Uingereza na mama aliyekuwa mbunifu wa vitambaa, amechora kazi zinazofuata muundo wa kanga pamoja na maneno yake, na mwaka 2017 akashinda Tuzo ya Turner. Makumbusho ya dunia yameshakubali kwamba hii ni sanaa kamili. Kilichobaki ni sisi kuilipa kama sanaa.

Kofia inayotoa onyo

Anayetaka kuona nini hutokea mchoro usipolindwa aangalie kofia ya viua.

Kofia ya mkono hushonwa kwa kitambaa cha tabaka mbili. Mchoro unachorwa kwa penseli, vitundu vidogo vinatobolewa kimoja kimoja, na kila kitundu kinazungushiwa uzi mpaka kikaze. Upana wa kitundu unapishana kidogo sana na kichwa cha sindano. Kazi hii hufanywa na wanawake majumbani, baada ya kupika na kuosha vyombo, na kofia moja nzuri inaweza kuchukua miezi.

Kofia zilizodariziwa kwa mashine nje ya nchi zinafika madukani zikiwa na sura ileile ukiziangalia kwa mbali, kwa bei ambayo haiwezi kulipa hata uzi na muda wa mshonaji. Mama aliyeubuni mchoro hana hati, hana alama, hana jina ndani ya kofia yake.

Sheria ipo, wanaoitumia wachache

Zanzibar ina Sheria ya Mali za Viwanda Namba 4 ya mwaka 2008, inayohusu alama za biashara, michoro ya viwandani na hata viashiria vya kijiografia. Usajili unafanywa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA. Kazi za sanaa zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, iliyozaa jumuiya ya hakimiliki, COSOZA.

Jambo ambalo wengi hulijua wakishachelewa ni hili: alama iliyosajiliwa Zanzibar hailindwi Tanzania Bara, na ya Bara hailindwi Zanzibar. Huko msajili ni BRELA. Anayeuza Darajani na Kariakoo ya Dar es Salaam anahitaji kusajili pande zote mbili.

> *Alama iliyosajiliwa Zanzibar hailindwi Tanzania Bara, na ya Bara hailindwi Zanzibar.*

Mchoro unapoombewa ulinzi hutakiwa uwe mpya. Ni busara kuusajili kabla ya kuutandaza mitandaoni na kwenye maonesho.

Pwani imeshaonja hatari. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili jina la kikoi kama alama yake huko. Ingefanikiwa, Mkenya au Mzanzibari anayeuza kikoi Uingereza kwa jina lake la asili angeweza kushitakiwa. Wakenya walipinga, wakasaidiwa na wapenda biashara ya haki, na mwaka 2008 jaribio likafa. Walishinda kwa sababu walisimama kwa wakati.

Kwa kofia ya viua, njia ya kiashiria cha kijiografia inafaa kuangaliwa kwa uzito. Ulinzi wa namna hiyo haumpi mtu mmoja mali ya wote. Unasema kwamba kitu chenye jina hili kimetoka hapa na kimefanywa hivi.

Hukumu na wito

Baada ya kupima hoja zote, gazeti hili linaona upande wa jina kwanza una nguvu zaidi, kwa sharti moja: jina hilo lifungue mlango wa kiwanda, lisiwe kisingizio cha kukisahau. Oda za pamoja za wabunifu ndizo zitakazompa mwenye mtambo wa Chumbuni sababu ya kuchapa kwa ajili ya Ng'ambo.

Kwa anayeanza, mwaka wa kwanza unatosha kwa mambo machache. Michoro mitatu yenye uhusiano, ambayo mtu akiiona bila jina anajua ni yako. Rangi mbili. Kitambaa kimoja cha pamba kinachopatikana mwaka mzima, kwa sababu chapa inayobadilisha kitambaa kila mwezi haina mteja wa kurudi. Daftari la gharama linaloandika muda wako pia, maana wengi huhesabu rangi na kitambaa na kujisahau wenyewe. Na hati mbili mkononi, ya BPRA na ya BRELA.

Kwa wenye hoteli, ombi ni moja. Mnaandika kwenye matangazo yenu kwamba mgeni ataishi utamaduni wa Zanzibar, kisha mnamlaza kwenye mito na mapazia yaliyoagizwa kwa kontena. Tengeni sehemu ya oda ya kila mwaka kwa wabunifu wa hapa, lipeni robo yake kabla ya kazi, na muwape vipimo vya ubora vinavyoeleweka. Robo hiyo ndiyo itakayonunua kitambaa.

Kwa Serikali, mafunzo ya amali yaongeze kuunganisha marudio ya mchoro, upimaji wa rangi na hesabu ya bei pamoja na kushona. Karakana moja ya pamoja ndani ya Ng'ambo, yenye meza ndefu ya kuchapia, tanuri la kushikishia rangi na fremu za kukodi, ingewafaa vijana wengi kuliko semina nyingi za ujasiriamali. BPRA itoke ofisini ifike mitaani, Rahaleo na Kwahani, iwasajili washonaji wa kofia na wapiga batiki hukohuko walipo.

Na kwako kijana mwenye michoro ndani ya simu au daftari: mcheza kwao hutunzwa. Usisubiri mfadhili wala mtambo. Chapa mita 20, zifue, zishone, uwauzie majirani zako, usikilize wanachokikosoa, kisha urudie. Mchoro wa kwanza ukipendwa, usajili wiki hiyohiyo, kabla hujaupeleka popote.